Hodi Mara Tatu: Wikiendi ya Sinema Dar es Salaam

Filamu ya Sinners ya Ryan Coogler ilipofika Dar es Salaam mwaka 2025, niliitazama kwanza katika ukumbi wa Mlimani City, kwa Kiingereza chake, kiyoyozi kikipuliza na watu wakitafuna bisi gizani. Baadaye nikaikuta Manzese, ndani ya kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuoneshea video, mchana mmoja, imetiwa sauti ya Kiswahili, mabati yanachoma na watoto wanachungulia penye upenyo wa pazia. Picha ni ileile. Nilichokiona hakikuwa kilekile, na tangu hapo kuna jambo linaloniandama kila wikiendi ninapokwenda kutazama sinema: filamu nzuri za kwetu zipo, watazamaji wazuri wapo, na hawajakutanishwa.

Nianze na Sinners yenyewe, maana ndiyo filamu mpya iliyonishika kuliko zote. Ni mwaka 1932, jimbo la Mississippi. Ndugu pacha, Smoke na Stack, wote wawili wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanarudi nyumbani kutoka Chicago wakiwa na fedha ambazo asili yake si ya kuulizwa. Wananunua jengo la kiwanda cha mbao na kuligeuza ukumbi wa dansi kwa ajili ya watu weusi wanaoshinda mashambani wakichuma pamba. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, ana gitaa na sauti inayouzidi umri wake. Usiku wa ufunguzi muziki wake unawavuta wanyonya damu, wakaja wakasimama mlangoni. Na kwa kanuni ya hadithi za aina hii, kiumbe huyo haingii mpaka akaribishwe na wenyewe.

Kuna sehemu ya wimbo ambayo nadhani itazungumzwa miaka mingi. Sammie anaimba, na ukumbi unaanza kujaa watu ambao si wa usiku ule. Anatokea mpiga gitaa la umeme wa miaka ya baadaye, wanatokea wapiga ngoma na wachezaji wa Afrika wa zama zilizopita, dijei wa hip hop na sahani zake, wachezaji wa Kichina wa mavazi ya kale, wote wanacheza pamoja na wachuma pamba, na kamera inapita katikati yao kana kwamba haikatwi popote. Paa linashika moto na hakuna anayejali. Wamarekani wengi walioandika kuhusu filamu hii waliichukulia sehemu hiyo kama ubunifu wa ajabu, na ni ubunifu kweli. Lakini mtu aliyekulia pwani, aliyewahi kulala akisikia ngoma ya pepo ikipigwa nyumba ya tatu hadi alfajiri, haoni ajabu kwamba muziki unaweza kuwaita waliokwenda na wasiokuja bado. Hilo tunalijua. Kila pepo ana ngoma yake, na fundi akikosea mdundo, pepo hapandi. Nilikaa kwenye kiti cha Mlimani City moyo ukinienda mbio, na nilipogeuka kutazama waliokuwa karibu nami, nusu yao walikuwa wanatazama simu.

Manzese, wimbo ule haukusikika. Mtafsiri aliyeitia picha sauti ya Kiswahili aliongea juu yake mwanzo hadi mwisho. Aliwataja waliotokea mmoja mmoja, akatusimulia kwamba hao ni mizimu ya kina Sammie, akasifia viuno vya wacheza dansi, na sauti ya gitaa ikabaki chini kabisa. Hiyo ni hasara, na sitaipamba. Mtu aliyeiona Sinners kibandani tu bado hajausikia muziki wa Ludwig Göransson, na filamu hiyo bila muziki imekatwa mguu.

Lakini ngoja niseme kilichotokea mlangoni.

Wale wanyonya damu wanapokuja mara ya kwanza, wamebeba vyombo vya muziki, wanaomba kwa upole waingie wacheze na wengine. Mtafsiri hakuwaita jina lolote la kizungu. Aliwaita mumiani. Kibanda kizima kilitulia. Kila mtu pale alikuwa na bibi au mama aliyemwambia asizurure usiku kwa sababu kuna mumiani wanaochukua damu za watu. Habari hiyo ilizunguka pwani yote tangu enzi za mkoloni, na Nairobi na Kampala waliwaita wazimamoto. Kisha mtafsiri akawapigisha hodi. Akapiga ya kwanza kwa sauti ya mgeni mstaarabu, akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Ndani ya picha wenyewe wanakataa kuwaruhusu. Wageni hawaondoki. Mtafsiri akashusha sauti, akasema, “Huyu anataka kupiga ya nne. Binadamu akikosa jibu hodi ya tatu huenda zake. Huyu si mtu.”

Mzee mmoja mbele yangu aliitikia, “Kweli kabisa.”

Baadaye kuna kijana mwenye mwili mkubwa aitwaye Cornbread, bawabu wa ukumbi, ametoka nje kidogo, na akirudi amekwisha kubadilishwa. Amesimama kwenye kizingiti chake mwenyewe, anawaomba wamkaribishe ndani. Annie, mwanamke wa Smoke, anayejua dawa za mizizi na hirizi, ndiye anayeshtuka: mwenye nguvu zote hizo, kwa nini asipite tu? Kwenye maandishi ya Coogler hilo ni swali la busara. Kwa Kiswahili cha kibandani likawa, “Bawabu mzima unapiga hodi mlangoni pako?” Vijana wakapiga kelele wasimfungulie, mmoja akasimama kabisa juu ya benchi. Mlimani City hakuna aliyesema neno. Nilikwenda nyumbani nikiamini kwamba yule mtafsiri, ambaye hajasomea sinema popote, alikuwa ameikamata hofu ya filamu ile kwa mkono wake, akaileta pale ambapo sisi tunaishi nayo, mlangoni.

Nilitaka kumjua. Mwenye kibanda alinielekeza, na mtafsiri akakubali kuonana nami kwa sharti nisimtaje jina, kwa sababu anazojua kila mtu anayefanya kazi ya picha zisizo na kibali. Studio yake ni chumba cha kupanga. Ametundika blanketi nzito nyuma ya mlango ili honi za bodaboda zisiingie kwenye rekodi, ana kompyuta ndogo ambayo herufi zake nyingi zimefutika, na kipaza sauti kilichofungwa soksi mbele ili pumzi isilipue. Picha huitazama usiku, mara moja, bila kuandika chochote. Kesho yake anarekodi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, na kidole cha mkono wa kushoto kinakaa kwenye kitufe cha sauti: akitaka kusema anaishusha, akinyamaza anaipandisha. Nilimuuliza kwa nini aliongea juu ya wimbo wa Sammie. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba akinyamaza muda mrefu wateja hudhani mashine imeharibika, na mwenye kibanda humpigia simu kulalamika.

Jibu hilo limebaki nami. Mtu ana sikio, anajua pa kunyamaza, lakini soko limemzoesha kwamba ukimya ni hitilafu.

Kazi hiyo ina ukoo wake. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, ambaye sauti yake ilikuwa inauza kanda kuliko picha ya stelingi kwenye jalada. Kenya wana DJ Afro, na ukipanda matatu inayoonesha sinema utamsikia. Waganda wana mavijei wao wa Kampala, na huko mambo yalikwenda mbele zaidi: mwaka 2010 Nabwana I.G.G. wa Wakaliga alipotengeneza Who Killed Captain Alex?, sauti ya msimulizi VJ Emmie iliwekwa ndani ya filamu, ikawa sehemu yake, na dunia nzima ikacheka na kushangilia pamoja na watu wa Wakaliga. Sisi hatujafika hapo. Kwetu mtafsiri bado anahesabiwa mwizi na watu wa juu, na mfalme na watu wa chini, na hakuna anayemhesabu kuwa msanii anayeweza kupewa kazi halali.

Suala la wizi nalo lisemwe wazi. Picha karibu zote zinazotafsiriwa hivyo hazijalipiwa. Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo wakipinga filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi, na walikuwa na haki ya kukasirika. Mtu ametumia fedha zake kutengeneza filamu Kinondoni, amebandika stempu ya kodi kama ilivyotakiwa kuanzia 2013, halafu pembeni yake kuna diski yenye picha nane za Marekani kwa bei ya chini kuliko yake moja. Hakuna biashara inayostahimili hilo. Hata hivyo nadhani waandamanaji walikosea jambo moja. Walimwona mtazamaji wa Manzese kama mtu aliyezikimbia filamu za nyumbani kwa sababu za nje ni rahisi. Nimekaa naye mabenchi. Alichoridhika nacho kibandani si bei peke yake. Anapewa hadithi kwa lugha yake, na mtu anayeheshimu akili yake kiasi cha kumtafutia hodi mahali ambapo mwandishi wa Hollywood aliweka kanuni ya mashetani wa Ulaya.

Bongo Movie ya wakati wake ilimpa nini? Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, jiji lilisimama, na soko la diski lilikuwa bado na nguvu. Nilizipenda filamu zile na bado nawatetea waigizaji wake. Lakini tuseme ukweli: zilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili, na ili zijae sehemu mbili, gari lilipigwa picha tangu linatoka getini mpaka linafika getini kwingine, mlinzi akafungua, dereva akashuka, akafunga mlango, akapanda ngazi. Mwenye hasira alisema kwamba ana hasira. Mwenye mapenzi alisema, kisha muziki ukasema tena. Mtazamaji ambaye siku ileile ameona Bruce Lee akimaliza ugomvi kwa jicho moja hawezi kuvumilia hivyo daima. Watu wengi wamehamia tamthilia, na siwalaumu. Jua Kali ya Lamata, ya Maisha Magic Bongo, inajua kuchochea hadithi kila sehemu kuliko filamu nyingi za diski zilivyojua kuifikisha mwisho.

Sasa nije kwenye filamu za kwetu zinazostahili kubishaniwa.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilitoka 2021 na kuoneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto. Inatokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wanafunzi wengi wameipitia darasani: Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa mwanamume mzee, anakimbia; Denge, kijana anayepigania uhuru, anawindwa na polisi wa mkoloni; wanapendana mahali na wakati ambapo mapenzi yao hayana nafasi. Tanzania iliipeleka kushindania Oscar ya filamu za kimataifa, jambo ambalo nchi yetu ilikuwa imelifanya mara moja tu kabla ya hapo, kwa Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya mwaka 2001.

Niliiona katika onesho la wazi, nimekaa na shangazi yangu aliyezaliwa Ng'ambo ya Unguja. Shangazi si mtu wa sinema za polepole. Dakika za mwanzo aliniuliza kwa nini hawasemi, mbona wanatazamana tu. Nikamwomba asubiri. Shivji anafanya kitu ambacho Bongo Movie iliogopa: anaiacha sura ya mtu ifanye kazi. Kuta za Mji Mkongwe zinaonekana kwa rangi nzito, kijani na nyekundu na bluu ya usiku, na mtu akisimama mbele ya ukuta unaona jasho shingoni pake kabla hujasikia neno. Kisha akaja rafiki wa Yasmin, anayeigizwa na Siti Amina, mwimbaji halisi wa taarabu. Alipoimba, shangazi aliacha kuuliza maswali. Alinyoosha mgongo, akafunga kanga vizuri, akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo wa watu wanaojua kutuza. Baada ya hapo kila Yasmin na Denge walipotazamana, yeye ndiye aliyekuwa ananieleza mimi wanachosema.

Nina ugomvi na filamu hiyo. Siasa yake imekonda kuliko ya kitabu. Katika riwaya unaona mkutano unavyopangwa, karatasi zinavyofichwa, nani anamwogopa nani. Kwenye picha harakati zinakuwa hali ya hewa tu inayowazunguka wapenzi wawili. Msomaji wa Adam Shafi atatoka na njaa hapo. Lakini ni filamu ya Kiswahili iliyo na imani kwamba mtazamaji wake ana macho, na kwa hilo peke yake naiweka juu kuliko filamu zetu nyingi.

Jumapili niliyokuwa naandika makala hii nilikuwa nyumbani kwa dada yangu Mbagala, ambako baada ya chakula cha mchana televisheni huwa mali ya wanawake. Tuliweka Binti ya Seko Shamte, nayo ya 2021, ambayo imefika Netflix. Ni wanawake vijana wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na kisa chake: Tumaini mwenye biashara ndogo anayeandamwa na deni, Angel anayekaribia kuolewa na mwanamume anayempiga, Stella anayetafuta mtoto, na Rose anayemlea mtoto mwenye usonji. Dada yangu ana duka la vipodozi, kwa hiyo kisa cha Tumaini alikitazama amekaza uso, anahesabu naye. Ilipofika zamu ya Angel, majirani wawili walioingia kutazama walianza kuzungumza wote kwa pamoja. Mmoja alisema mwanamume wa hivyo hujionesha mapema na watu wa nyumbani huona. Mwingine akajibu kwamba huona, ila sare zimekwisha shonwa na michango imekwisha toka. Wakabishana kuhusu kamati ya harusi kwa muda mrefu kuliko kisa chenyewe kilivyochukua.

Hicho ndicho kipimo changu cha filamu. Binti ina kasoro: visa vinne katika filamu moja ni vingi, na unapoanza kuwajua watu, unahamishwa. Nilitaka kubaki na Rose kwa saa nzima. Baadhi ya nyumba zake ni nadhifu mno, hazina hata ndoo ya maji kwenye kona. Lakini haimfundishi mtu. Inafungua kisa, inakuachia, na sebule ya Mbagala inakimalizia.

Watoto walipochukua zamu yao niliwawekea Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya Kenya, ya mwaka 2018. Naipendekeza kwa kila mtu. Jo ni mtoto mgonjwa ambaye hatapona, anayependa picha za mapigano na mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Mama yake anamrudisha kijijini kutoka hospitali. Dada yake Mwix anaamua kwamba ikiwa mtoto anataka kuwa shujaa, basi kijiji kizima kitashirikiana kumfanya shujaa, na mwisho wanaamua kutengeneza sinema yake. Kilichonigusa zaidi ni kwamba ndani ya filamu hiyo kuna kibanda cha video na msimulizi wake, naye ameoneshwa kwa mapenzi, kama mtu mwenye heshima kijijini, mtu ambaye wakitaka kutengeneza picha lazima waende kwake kwanza. Stycie Waweru, aliyeigiza Jo, haombi hata mara moja tumhurumie. Mtoto wa dada yangu aliuliza kama Jo atapona. Mama yake alimwambia atazame mpaka mwisho, na akatazama.

Nawi, ya mwaka 2024, niliifurahia kwa kiasi. Ni binti wa Turkana aliyefaulu vizuri mtihani wa shule ya msingi, na baba anamwoza kwa kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100. Michelle Lemuya Ikeny ameibeba filamu ile mabegani. Uso wake wakati anasikia mifugo inahesabiwa unatosha kuwa filamu peke yake. Tatizo ni kwamba kuna sehemu inazungumza na watu wa mbali, wale wanaohitaji kuambiwa ndoa za utotoni ni mbaya, badala ya kuzungumza na mama wa Turkana ambaye tayari analijua hilo na anatafuta njia ya kupita. Mama huyo nilitaka nimsikie zaidi.

Sasa, filamu zote hizi, ni ngapi zimewahi kuwekwa kwenye ubao wa chaki wa kibanda cha Manzese? Nilimuuliza mwenye kibanda. Supa Modo hajaisikia. Nawi hajaisikia. Vuta N'kuvute alikisikia kitabu, binti yake alikisoma.

Mji huu haukuwa hivi. Mjomba wangu hunisimulia Jumapili za Drive-In, Msasani, iliyofunguliwa 1966, familia nzima ndani ya gari moja na sufuria ya pilau kwenye buti, vijana wasio na gari wamekaa ukutani. Mahali pale sasa pamesimama ubalozi wa Marekani. Katikati ya mji kulikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon. Unguja kulikuwa na Majestic. Mjomba aliiona Mother India mara nyingi kiasi kwamba alijua nyimbo bila kujua maneno yake. Anachokikumbuka kwa kawaida si filamu, ni foleni: tajiri wa Upanga na kuli wa bandarini kwenye mstari mmoja, bei tofauti, jengo moja, picha moja. Leo tajiri anaitazama Mlimani City kwa zaidi ya shilingi 10,000, kuli wake anaitazama kibandani kwa 500, na filamu ya Mtanzania inaoneshwa Toronto, inaoneshwa Ngome Kongwe wakati wa tamasha la ZIFF, kisha inakwenda kwenye diski ngumu ya mwenyewe.

Wapo wanaojaribu. Kundi la Ajabu Ajabu hapa Dar es Salaam limetengeneza filamu fupi ya maisha halisi iitwayo Apostles of Cinema, kwa Kiswahili Tenzi za Sinema, inayowafuata watu wa mitaani wanaofanya kazi ya kuzifikisha picha kwa watazamaji, akiwamo dijei wa kutafsiri, na Maangamizi ni mojawapo ya filamu wanazozihangaikia. Nilipoiona niliwaza, hii ndiyo njia. Msimulizi hapaswi kukimbizwa, apewe kazi. Maangamizi ina Kiingereza kingi ndani yake, na Amandina Lihamba anaigiza mwanamke aliyefungwa ulimi na mambo aliyoyaona utotoni. Fikiria mtafsiri mwenye sikio akiwa pembeni ya uso ule, anayejua lini aseme na lini akae kimya, na mwenye kibanda ambaye hatapiga simu kulalamika kuhusu ukimya.

Mimi na mwenye kibanda tumezungumza kwa makini habari ya kuzionesha filamu za kwetu kibandani kwake. Yeye ni mtu wa hesabu. Jumamosi haitoi, ni siku ya mpira, na hata filamu ya malaika isingeiondoa ligi ya Uingereza kwenye ubao wake. Jumapili saa nane mchana anaitoa, tena anasema saa hizo anaweza kupata akina mama, ambao kwa sasa hawaingii kwa sababu mabenchi yamejaa vijana na moshi. Atakataza sigara, ataweka kanga mpya dirishani. Mabenchi yake yanabeba watu 60. Kwa 500 kila mmoja ni 30,000, na nusu yuko radhi kumpa mwenye filamu. Tulipiga hesabu pamoja: vibanda 100 vya namna hiyo kuanzia Manzese, Tandale hadi Mbagala, onesho moja kila kimoja, mwenye filamu anaondoka na 1,500,000 kutoka kwa watu ambao leo hawampi hata senti. Haimfanyi tajiri. Ila inaweza kurudiwa Jumapili inayofuata, na Mwanza, na Tanga, na Morogoro.

Mtafsiri naye amekubali, kwa masharti yake. Kwenye Vuta N'kuvute hatasema kitu watu wanapoongea Kiswahili, atasaidia tu penye lugha nyingine, na Siti Amina akiimba ataondoa kabisa mkono kwenye kitufe. Nimemwambia ayaandike hayo, naye ameyaandika.

Kilichobaki ni karatasi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka onesho liwe na kibali cha Bodi ya Filamu, na mwenye kibanda, ambaye miaka yote amefanya kazi akisikilizia hatua za askari nje, safari hii anataka barua mbili mkononi: moja ya Bodi, moja ya mwenye filamu. Nimeanza kuzifuatilia zote mbili.